Ruzuku ya Kujibu Simu

Kifungu cha 506 cha Sheria ya Wamarekani Wenye Ulemavu (ADA, kwa kifupi cha Kiingereza) hakina mashabiki. Kila Julai sheria hiyo ikikumbukwa, watu husimulia jinsi Rais George H. W. Bush alivyoisaini kwenye bustani ya Ikulu tarehe 26 Julai 1990. Au husimulia wanaharakati ambao Machi ya mwaka huohuo waliacha viti vyao vya magurudumu chini wakapanda ngazi za Bunge kwa kutambaa, mmoja wao akiwa mtoto wa miaka minane. Kifungu cha 506 hakina picha ya namna hiyo. Kinamtaka Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akishauriana na taasisi nyingine, aandae mpango wa kuwaelewesha watu sheria inawadai nini. Kinataka miongozo iandikwe, na kinaruhusu taasisi za serikali kutoa ruzuku na mikataba ili kazi hiyo ifanyike. Kisha mwishoni kinaweka sharti lililonichekesha nilipolisoma: mwajiri au mfanyabiashara hatasamehewa kwa sababu tu mwongozo haukumfikia.

Yaani serikali imejifunga kufundisha, lakini ikizembea kufundisha, wewe bado huna ruhusa ya kuvunja sheria. Ukali huo naupenda. Na nadhani kifungu hiki, pamoja na senti chache zinazokiendesha, ndicho ambacho sisi wa Afrika Mashariki tungepaswa kukiiga kabla ya kuiga mengine yote.

Niseme kwanza nimekijuaje, maana si mwanasheria. Ni mkalimani. Nimezaliwa Tanga, ninaishi Texas, na kazi yangu ni kukaa kati ya mzungumzaji wa Kiswahili na mzungumzaji wa Kiingereza hospitalini, shuleni na kwenye ofisi za huduma. Wateja wangu wengi ni Wakongo kutoka Kivu ya Kusini waliokaa miaka kambini Nyarugusu, Kigoma, kabla ya kuletwa huku. Kwa hiyo mfumo huu wa ruzuku niliujua kwa mlango wa uani, kwa mama mmoja na kijana wake kiziwi. Nitafika huko.

Kabla ya 1990 kulikuwa na Kifungu cha 504 cha Sheria ya Urekebishaji ya 1973. Kilikataza taasisi yoyote inayopokea fedha za serikali kuu kumbagua mtu kwa ulemavu wake. Sentensi nzuri, lakini kanuni za kuitekeleza zilikaliwa miaka minne. Aprili 1977 watu wenye ulemavu, Judy Heumann na Kitty Cone wakiwa miongoni mwa viongozi wao, waliingia katika jengo la serikali San Francisco wakakaa humo zaidi ya wiki tatu. Waziri Joseph Califano akasaini kanuni tarehe 28 Aprili. Kisa hicho kinajulikana. Kilichofuata ndicho kisichosimuliwa sana, nacho kwangu ni kikubwa kuliko ule mgomo wenyewe.

Baada ya kusaini, serikali ilijikuta na kanuni ambazo walengwa wenyewe hawakujua namna ya kuzitumia. Ikatoa fedha za mafunzo. Na wakufunzi hawakuwa maofisa wa wizara. Katika majimbo ya magharibi, mafunzo hayo yalifanywa kwa sehemu kubwa na kundi la Berkeley, California, lililokuja kusimama mwaka 1979 kwa jina la Disability Rights Education and Defense Fund. Wengi wao walikuwa watu wenye ulemavu au wazazi wa watoto wenye ulemavu. Walizunguka miji wakifundisha mambo ya mkononi kabisa: chuo kikikukataa unaandika malalamiko kwa nani, unaweka ushahidi gani, shule ina wajibu gani kwa mwanao. Aliyefundishwa alirudi kwao akafundisha wenzake.

Ukaja utawala wa Reagan. Kukaundwa kikosi cha kupunguza kanuni za serikali, na kanuni za 504 zikawekwa kwenye orodha ya kulegezwa. Ghafla barua zikaanza kumiminika Washington kwa maelfu, kutoka kwa wazazi na watu wenye ulemavu ambao sasa walijua kanuni ipi inasema nini na nani anataka kuifuta. Mwaka 1983 serikali ikaachana na mpango huo. Mwenyekiti wa kikosi kile alikuwa Makamu wa Rais, George Bush, huyuhuyu aliyekuja kusaini sheria kubwa miaka saba baadaye. Sidai kwamba barua ndizo zilizomgeuza moyo. Wanasiasa hugeuka kwa sababu nyingi. Lakini tazama mwendo wa fedha: serikali ililipa watu wafundishwe haki zao, na watu hao wakaizuia serikali ileile isizifute. Sijui ruzuku nyingine iliyoleta faida ya namna hiyo kwa bei ndogo vile, na si ajabu serikali nyingi hazina hamu ya kuitoa.

Mwaka 1991 utaratibu ukawa wa kudumu. Taasisi ya serikali ya utafiti wa ulemavu ilitoa ruzuku kwa vituo kumi, kimoja kwa kila kanda ya nchi. Mwanzoni viliitwa vituo vya msaada wa kitaalamu kuhusu ulemavu na biashara, na neno biashara halikuwekwa kwa bahati mbaya. Vituo hivi hujibu maswali kwa simu, na waliotungiwa sheria walikuwa upande mmoja tu wa wapigaji; upande mwingine walikuwa wafanyabiashara. Leo mtandao mzima unaitwa ADA National Network. Taasisi mama, ile ya utafiti inayotoa ruzuku, ambayo sasa huitwa NIDILRR, ilihamishwa kwa sheria ya mwaka 2014 kutoka Wizara ya Elimu kwenda Wizara ya Afya na Huduma za Jamii. Vituo vyenyewe vimekaa mahali mbalimbali: cha Boston kipo kwenye taasisi ya usanifu wa majengo na mazingira, cha kaskazini-mashariki kipo Chuo Kikuu cha Cornell, cha Maziwa Makuu kipo Chuo Kikuu cha Illinois mjini Chicago. Chetu kipo Houston, ndani ya taasisi iliyoanzishwa mwaka 1977 na Lex Frieden, mtu anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye aliongoza watumishi wa baraza la taifa lililopendekeza sheria hii kwa ripoti yake ya mwaka 1986. Kipo pia kituo cha kuuunganisha mtandao, Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, ambacho kazi yake ni kuchukua kilichogunduliwa na watafiti na kukiandika kwa namna ambayo mwenye mgahawa au mama mwenye mtoto shuleni anaweza kukitumia kesho yake.

Ruzuku hizi hushindaniwa, na kwa kawaida huwa za miaka mitano. Chuo au shirika linaandika andiko, linapimwa na jopo, linapewa au linakosa. Ukipata, unawajibika kupokea simu, kutoa mafunzo, kuandika karatasi za maelezo na kuripoti. Namba ya simu ni moja kwa nchi nzima, bila malipo, na mfumo unakupeleka kwenye kituo cha kanda yako. Hulazimiki kujitambulisha.

Sasa yule mama.

Kijana wake ana miaka ishirini na kitu, kiziwi tangu utotoni, na kambini hakupata shule ya viziwi. Nyumbani wana ishara zao, walizozizua wenyewe miaka yote hiyo. Alikuwa na ngiri, akapelekwa kwenye ofisi ndogo ya daktari wa upasuaji. Mimi niliitwa kwa ajili ya mama, asiyejua Kiingereza. Kwa ajili ya mgonjwa hakuitwa mtu. Muuguzi, kwa nia njema kabisa, akamgeukia binti wa miaka kumi na mmoja aliyekuja nao na kumwambia amweleze kaka yake kuhusu upasuaji. Wanaojua ngiri inakaa wapi watanielewa. Binti akatazama sakafu. Mama akasema, kwa Kiswahili cha kwao, "Mutoto wangu hasikii, lakini iko na akili. Wamuulize yeye."

Nilitafsiri neno kwa neno, maana ndiyo kazi yangu, na mkalimani hana ruhusa ya kuongeza chumvi yake. Miadi ikaahirishwa. Baadaye mfanyakazi wa shirika linalowahudumia wakimbizi alipiga ile namba, mama akiwa pembeni na mimi nikitafsiri kwenye spika.

Nilitarajia kusikia vifungu vikisomwa. Aliyepokea alianza kwa swali: huyu kijana anajua lugha ya alama ya Marekani? Hapana. Anasoma? Kidogo sana. Basi, akasema, mkalimani mmoja wa kawaida hatafaa kitu. Wapo wakalimani ambao wao wenyewe ni viziwi, waliobobea kuwasiliana na watu wasio na lugha rasmi ya alama, na hufanya kazi wawiliwawili na mkalimani anayesikia. Ombeni hao, kwa maneno haya. Kisha akaeleza kanuni: mahali panapohudumia umma hapawezi kumtaka kiziwi aje na mkalimani wake, wala hapawezi kumtegemea mtoto atafsiri, isipokuwa kwa dharura inayohatarisha usalama pasipokuwa na mkalimani. Anayelipa ni ofisi ya daktari, si mgonjwa. Akamalizia kwa jambo nililoliona la ajabu: mimi si wakili, sina mamlaka ya kuwaamuru, na sitawapigia. Lakini meneja wao akinipigia, nitamweleza hayahaya.

Meneja alipiga. Najua kwa sababu alituambia mwenyewe, bila aibu. Alikuwa na hofu ya gharama, na akaelezwa kwamba biashara ndogo inaweza kupunguziwa kodi kwa nusu ya gharama za namna hiyo zinazozidi dola 250, hadi dola 5,000 kwa mwaka. Hakuwa amewahi kulisikia hilo, na sidhani kama mhasibu wake aliwahi. Miadi iliyofuata walikuja wakalimani wawili. Ilichukua muda mrefu mno, na daktari alionyesha kuchoka, lakini kijana aliuliza swali lake mwenyewe: atarudi lini kubeba maboksi ghalani. Mama aliniambia "aksanti" kana kwamba ni mimi niliyetunga sheria.

Nimelifikiria jambo hilo tangu siku ile, na ninachokiona ni kwamba yule aliyekosea alipiga simu kwa hiari yake. Angepiga kama simu ingepokelewa na Wizara ya Sheria, ambayo inaweza kumshtaki? Sidhani. Wamarekani wamewatenganisha anayeeleza na anayeadhibu, na kwa kutenganisha hivyo wamefanya ujinga uwe kitu ambacho mtu anaweza kukikiri bila hasara. Adhabu zipo kwingine. Malalamiko ya kazini, kwa waajiri wenye watu 15 na kuendelea, yana tume yake. Mengine yanakwenda Wizara ya Sheria au mahakamani. Hakuna askari wa sheria hii anayepita mlango kwa mlango. Inaendeshwa na anayelalamika. Asiyejua halalamiki, hivyo bila maarifa sheria hii haina injini.

Na maswali yenyewe ni ya kila siku. Mwenye mgahawa anataka kujua amfanye nini mteja aliyeingia na mbwa. Jibu ni kwamba anaruhusiwa kuuliza mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu, na amefunzwa kufanya kazi gani? Cheti haruhusiwi kudai. Fundi anauliza mwinuko wa njia ya mteremko, anaambiwa kila inchi moja ya kupanda inataka inchi kumi na mbili za urefu. Mpangaji anauliza kuhusu nyumba anayokodi, anaelekezwa kwenye sheria nyingine ya makazi. Aliyevunjiwa kiti cha magurudumu na shirika la ndege anaelekezwa kwenye sheria ya mwaka 1986 ya usafiri wa anga. Kuelekezwa ofisi iliyo sahihi ni nusu ya haki, na yeyote aliyewahi kuzungushwa kwenye korido za halmashauri kwetu anajua nusu hiyo ilivyo ghali. Kuna ndugu wa mtandao huu pia, Job Accommodation Network ya Chuo Kikuu cha West Virginia, iliyopo tangu 1983 na inayolipwa na Wizara ya Kazi kushauri kuhusu marekebisho kazini. Uchunguzi wake kwa waajiri umeonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba karibu nusu au zaidi ya marekebisho hayagharimu hata senti. Hilo lingewekwa kwenye bango la kila ofisi ya ajira Dar es Salaam, ningefurahi.

Kasoro zipo, na kubwa naiona kila wiki. Namba ile inamfaa zaidi anayejua kwamba kuna cha kuuliza. Yule mama asingepiga maishani mwake. Alihitaji mfanyakazi wa shirika aijue namba, na mkalimani awepo. Wateja wangu wanapoambiwa kuna sheria inayowalinda, wengi hudhani ni ujanja wa kuwaingiza kwenye matatizo na serikali. Vituo vinaripoti simu walizopokea na mafunzo waliyotoa, na simu ambayo haikupigwa haimo kwenye ripoti yoyote. Pia ugomvi uliozuiwa hauhesabiki. Mwenye ruzuku anayeomba tena baada ya miaka mitano anabaki kuthibitisha faida ya vitu ambavyo havikutokea.

Halafu siasa. Tarehe 19 Machi 2025 Wizara ya Sheria ya Marekani iliondoa miongozo 11 iliyohusu sheria hii, baadhi ikiwa ya wakati wa UVIKO, ikisema inawapunguzia wafanyabiashara mzigo. Sheria yenyewe haikuguswa hata nukta. Wiki iliyofuata ikatangazwa kwamba idara ambamo taasisi ya ruzuku hizi imekaa itavunjwa na kazi zake kugawanywa kwingine. Anayetaka kuidhoofisha sheria haina haja apeleke muswada bungeni na kukabiliana na watu wanaotambaa kwenye ngazi mbele ya kamera. Inatosha kuacha kumlipa anayeieleza. Wale wa 1983 waliweza kuandika barua kwa sababu walikwisha kufundishwa. Kizazi kisichofundishwa hakitajua hata barua iende wapi.

Kwetu mambo yamekaa kichwa chini. Marekani haijauridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Desemba 2012 Seneti ilipiga kura 61 za ndiyo, zikahitajika 66. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Ibara ya 8 ya mkataba huo inazitaka nchi zenyewe zielimishe jamii. Tanzania ikatunga Sheria Na. 9 ya mwaka 2010, nayo inamtaka mwajiri mwenye watu 20 na zaidi awe na asilimia tatu ya watu wenye ulemavu. Mchukue mwenye gereji kubwa Tanga mwenye mafundi ishirini na watano. Akitaka kutii, anampigia nani kuuliza aanzie wapi, fundi kiziwi atapewaje maelekezo, choo kirekebishwe vipi? Anayemjua ni afisa kazi, naye ndiye anayeweza kumpeleka mahakamani. Basi anakaa kimya, na mimi ningekuwa yeye ningekaa kimya pia.

Fedha za umma kwa watu wenye ulemavu zipo. Halmashauri hutenga asilimia kumi ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia mbili kati ya hizo ni za watu wenye ulemavu. Mikopo ni jambo jema, lakini mkopo haumwambii mtu kwamba alikataliwa kazi kinyume cha sheria. Elimu ya sheria imeachiwa zaidi miradi ya wafadhili wa nje: semina ya siku mbili, fulana, posho ya nauli, ripoti, mradi umekwisha. SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu Tanzania, na vyama vilivyo chini yake wana watu wanaoijua sheria hii kuliko maofisa wengi. Wanachokosa ni mshahara wa mtu wa kukaa kwenye simu mwaka mzima.

Na tusiambiwe kwamba serikali haiwezi kulipia elimu ya sheria, kwa maana imeshaanza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza 2023, imewapeleka mawakili hadi vijijini kwenye migogoro ya ardhi, ndoa na mirathi. Tatizo la kampeni ni kwamba hupanda gari ikaenda wilaya nyingine. Kenya nao wamepata sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyosainiwa Mei 2025, na huu ndio wakati ambao kila mwajiri na kila mzazi ana swali.

Ningeanza na mkoa mmoja. Namba moja ya bure, washauri wawili au watatu wenye ulemavu wao wenyewe, wanaolipwa kwa ruzuku ya miaka mitano itokayo hazina na si kwa mfadhili, mmoja wao awe kiziwi anayepokea kwa video. Zile kamati za watu wenye ulemavu ambazo sheria inazitaka kuanzia kijiji na mtaa ndizo zingeitangaza namba hiyo, kwa sababu ndizo zinazojua nyumba ipi ina mtoto aliyefichwa. Waajiri wapige, walimu wapige, madereva wa daladala wapige. Na ofisi hiyo isiwe ndani ya jengo la mkuu wa wilaya, wala isiwe chini ya afisa kazi. Mwenye gereji hatapiga simu inayopokelewa na mtu anayeweza kumfungia gereji.